Picha Iliyoganda kwenye Kioo

Mke wangu aliniachia agizo moja tu. Aliniona nikimpiga picha kwa simu pale hospitalini, akageuza uso.

"Hizo usimwonyeshe mtu," alisema. "Siku yangu ikifika, weka ile ya ukutani."

Kwetu mtu hazikwi bila programu, kile kijitabu chenye ratiba ya ibada na historia ya marehemu. Picha yake huwa mbele, na watu hukitia ndani ya Biblia na kukaa nacho miaka. Ndiyo maana aliwaza juu ya picha. Hakutaka kukaa ndani ya Biblia za watu akiwa vile ugonjwa ulivyomfanya.

Ile ya ukutani alipigwa tulipohamia mtaa wa Jericho, akiwa mbele ya meza yake ya chapati. Nilipoiteremsha, siku moja kabla ya kusafiri na mwili kwenda kumzika Ukambani, nilikuta imegandamana na kioo cha fremu. Paa letu linavuja, na maji yalikuwa yamepita pale. Nilijaribu kuibandua kwa wembe. Kipande cha bega kikabaki kwenye wembe. Nikaacha, maana baada ya bega ni shingo, na baada ya shingo ni uso.

Nikaichukua ilivyo, pamoja na kioo chake, nikaenda saiba ya Kariobangi, kibanda cha kompyuta na uchapaji katikati ya mafundi wa vyuma. Mwenye saiba ni mama wa makamo. Alikuwa akichapa barua ya mteja huku akimtazama mteja huyo usoni, vidole vikitembea peke yao. Herufi za kibodi yake zimefutika kabisa.

"Mzee, umetuletea picha ama dirisha?" aliuliza kijana aliyekuwa kwenye foleni. Watu wakacheka.

"Ni mke wangu," nikasema. "Tunazika kesho."

Kicheko kikakatika. "Pole, mzee. Aki pole. Pita mbele," kijana akasema, akanipisha.

Mama alilaza kioo kwenye skana mpya, nyembamba kama sinia. Taa ikapita chini yake. Kwenye skrini kikatokea kitu kama mtu aliyesimama ndani ya moshi. Alirudia, moshi ukawa uleule. Niliziona zile picha za hospitalini tayari zimefika kwenye Biblia za watu.

"Baba, usikate tamaa," akasema. "Hii macho yake ni ya karibu. Inaona tu karatasi inayoigusa. Hapa kioo chako kimeisukuma picha mbali kidogo, haifikii."

Akainama chini ya meza, akatoa skana nyingine, nene, ya rangi ya meno ya mzee, imefunikwa vumbi.

"Bado hujaitupa hiyo?" kijana akamuuliza.

"Nitupe nini? Hii ina vioo vya kujitazamia ndani, na lenzi kama ya kamera. Taa inamulika picha, mwanga unarudi, vioo vinaupokezana mpaka kwenye lenzi. Ndiyo maana ni nene. Na ndiyo maana inaona mbali."

Taa ya ile kuukuu ilichukua muda kuwaka vizuri. Kisha ikaanza kutambaa, polepole, ikilia kama cherehani. Nimeendesha malori maisha yangu yote na ninazipenda mashine, lakini sijawahi kuitazama mashine kwa heshima namna ile. Mke wangu alijitokeza kwenye skrini mstari baada ya mstari: nywele, paji la uso, halafu macho. Ni yeye. Alikuwa karibu kucheka.

Mama akashika kipanya, akakisogeza kidogo mezani, na kimshale kwenye skrini kikaenda kusimama juu ya mkono wa mke wangu.

"Bega nitalirekebisha. Na haya madoa meupe, niyafute?"

Nikasogea. Ukutani hayakuwahi kuonekana.

"Usiyafute," nikasema. "Ni unga."

Alikuwa ametoka kusukuma chapati, akaitwa kupigwa picha, akaja hivyohivyo.

Printa yake ni ya rangi moja. Nilimuuliza inapata wapi rangi nyeupe. Akacheka kidogo, akanieleza kwamba ndani mna unga mweusi tu, mwepesi kama masizi, ambao mashine huuweka mahali pake kisha huupiga joto ukashika. Nyeupe haipakwi. Ni karatasi yenyewe, mahali ambapo mashine imeacha.

Karatasi za programu zilitoka zikiwa na joto. Nilisimama pale nikizipokea moja moja, ingawa kulikuwa na trei ya kuzipokea. Kwenye kila moja mkono wake ulikuwa na unga wake, haujaguswa.