Gurudumu Huzungushwa kwa Mkono

Pale kituoni petu kulikuwa na dereva mmoja wa bodaboda aliyetuudhi sote kwa usafi. Tulimwita Taratibu. Umri wake ulikuwa hamsini na sita, mgongo umeanza kupinda, na pikipiki yake ilikuwa kuukuu kuliko zetu zote, lakini mnyororo wake ulikuwa huusikii hata ukitega sikio. Minyororo yetu ililia kama vyombo vinavyooshwa na mtu mwenye hasira.

Siri yake haikuwa siri. Kila jioni, akishamshusha abiria wa mwisho, aliisimamisha pikipiki kwa stendi kubwa pembeni mwa nyumba yake, mnyororo ungali na joto, akachuchumaa. Mswaki uliochakaa, mafuta ya taa kidogo, tambara, kisha oili tone kwa tone, kiungo kwa kiungo, huku mkono mmoja ukizungusha gurudumu la nyuma. Nusu saa nzima! Alisema ukipaka oili asubuhi ukaondoka papo hapo, haijapata muda wa kuingia ndani, inaishia kwenye sketi ya abiria. Wakati wake ni jioni. Ubaya wa jioni ni kwamba mtu umechoka.

Na mimi kuchoka nakujua. Ukishinda juu ya pikipiki tangu alfajiri, mikono inaendelea kutetemeka hata ukishika kikombe cha chai. Kwa hiyo nilikuwa na njia yangu ya mkato: nawasha injini, natia gia ya kwanza, gurudumu linajizungusha lenyewe, mimi nashikiza tambara kwenye mnyororo. Dakika tatu, kazi kwisha.

Jioni moja, wiki ya mvua na matope, nilimkuta kachuchumaa, kipaji cha uso kakilaza kwenye kiti cha pikipiki, macho kayafumba. Tambara lilikuwa bado mkononi.

"Kaka, unajitesa bure," nikamwambia. "Washa, tia gia, itajizungusha."

"Hapana, mdogo wangu. Gurudumu huzungushwa kwa mkono."

"Mimi mwaka wa sita huu nafanya hivyo. Umeona nimepungukiwa na nini?"

Nikamcheka, tena kwa sauti, kisha nikaenda zangu.

Siku ya tatu habari zikafika kituoni. Aliwasha. Tambara lilinaswa kati ya mnyororo na lile gurudumu la meno la nyuma, likavuta na mkono wa kulia. Kidole cha shahada na cha kati, vyote viwili, vimekatika kwenye fundo. Na mkono wa kulia ndio unaoshika mafuta na breki ya mbele. Hakuna aliyejua kama ataendesha tena.

Tulikwenda hospitali kwa kundi. Tulimkuta mkono umefungwa bandeji nene, naye akawahi kututania kabla hatujampa pole.

"Si wanasema kidole kimoja hakivunji chawa? Mimi nimebaki na vitatu. Chawa wajihadhari."

Wenzangu wakaangua kicheko. Mmoja akamuuliza, "Lakini wewe, Taratibu, nani alikufundisha kuwasha injini?"

"Uchovu tu," akajibu. Hata hakunitupia jicho.

Hapo ndipo nilipopaswa kufungua mdomo, nami nikatazama ukuta. Nilijichukia tangu mlangoni pa wodi mpaka nyumbani. Aliporuhusiwa kutoka nikaanza kupita barabara ya nyuma, ya mashimo, ili nisionane naye. Wiki mbili nilivumilia mashimo yale. Mwishowe nikashindwa, nikanunua mkate, nikaenda.

Mkewe ni fundi cherehani. Nilimkuta barazani anashona sare za shule.

"Amelala, shemeji," akaniambia bila kuacha kushona. "Dawa zinamlevya."

"Nimekuja kwako pia, shemeji. Ile habari ya kuwasha injini... ni mimi niliyemwambia. Alikataa, nikamcheka."

Cherehani ikanyamaza.

"Najua," akasema. "Aliniambia siku ile ile."

"Sasa mbona hukuja kunitukana?"

"Nilitaka sana. Nilishavaa na viatu. Akanikataza. Akasema, 'Mwache, atakuja mwenyewe. Akija, mpe kiti.' Mimi nikamwambia huji ng'o. Kila jioni namwambia, 'Umemwona rafiki yako?' Naye kila jioni jibu ni lile lile: 'Amechoka tu. Atakuja.'"

Akainuka, akanisogezea kiti chake mwenyewe, kingali na joto lake. Nikakaa. Nikalia pale barazani, mtu mzima mimi, na wapita njia wakinitazama.