Gando la Kushoto

Kaa mwekundu tulimbuni sisi, nyumbani kwa mama, huku Bagamoyo, na familia nzima inakula kupitia yeye: maonyesho ya watoto, nyimbo, fulana zenye sura yake. Jina na sura tumesajili. Niliposikia fundi cherehani wa kijiji cha Zinga kashona vazi la kaa wake anayeimba nyimbo zetu, sikumpigia simu. Nilingoja sikukuu ya Idi, amtoe hadharani.

Siku hiyo nilikwenda uwanjani na afisa utamaduni, cheti chetu mkobani. Kaa alitokea, watoto wakamkimbilia, akanyoosha gando kubwa kuwagawia peremende. Gando la kushoto!

Mama mmoja akamvuta mwanawe. "Usipokee! Nani kamfunza huyu kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto?"

Kaa wetu hugawa kwa mkono wa kulia, kama mtu yeyote aliyelelewa. Ila video yetu iliyosambaa nilijirekodi ndani ya vazi kwa kamera ya mbele ya simu, ikageuza kulia kukawa kushoto. Mwizi yule alinakili hadi kosa la simu yangu, na gando la kulia akalishona likaziba kabisa.

"Nimembuni mwenyewe," akamwambia afisa. Nikamwonyesha afisa cheti na ile video, gando lile lile la kushoto, akamwamuru avue papo hapo.

Zipu ilikuwa mgongoni na hakuna aliyesogea. "Dada, nisaidie," akaniomba.

Nikaifungua polepole, watoto wote wakimtazama. Kisha nikachukua peremende zake, nikazigawa kwa mkono wa kulia.