Soko Lisilo na Siku

Mwalimu wetu wa shule ya bweni Tororo alitupendekezea vitabu viwili vya kusoma likizoni: kimoja cha uchumi, kingine riwaya mpya, wino bado unanukia. Miaka hiyo ya sitini, baada ya uhuru, kila mtu alitaka tuwe wachumi. Mimi, jamani, nilitaka kusoma tu.

Mama aliuza dagaa sokoni Nagongera, na alikuwa amechoka kuuza peke yake. "Nisomee hizo vitabu," akasema. "Kama ni upuzi, shule imekwisha. Utabaki hapa na mimi."

Basi nikasoma, nikigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili chetu cha mpakani. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na baraza lote lilinuka udongo na dagaa. Nikaanza na uchumi. Soko linaamua hiki, soko linataka kile.

"Soko gani?" Mama akanikatiza. "Ya hapa ama ya kwetu Lumino?"

"Soko tu, Mama."

"Iko siku gani?"

"Haina siku."

"Wewe! Soko haina siku, watu watajua namna gani kuja?"

Nilikasirika, nusura nikitupe kitabu matopeni. Nikashika riwaya upesi. Humo mlikuwa na mjane aliyeondoka kwao na kikapu, hajui aendako. Mama akaacha kuchambua dagaa. Nilisoma hadi sauti ikanikauka na kope zikawa nzito, nikawa namwona yule mjane akipita polepole mbele ya baraza letu, anainamia dagaa za Mama, ananusa, anaendelea na safari ndani ya ukungu. Hata sijui kama nilikuwa bado nasoma au nilikuwa naota.

Kitabu kikaisha, mjane bado yuko njiani.

Mama alinipa mgongo. Nikajua basi, shule imekwenda. Kumbe anafuta macho kwa ncha ya leso.

"Maskini," akasema. "Anatafuta ile soko ya kitabu ingine. Hakuna mutu amemwambia siku." Akanigeukia. "Rudi shule. Uliza hao walimu siku, ukuje uniambie."

Niliwauliza. Walicheka sana, shauri yao.

Tangu hapo kila likizo Mama alinipokea mlangoni, hata sanduku sijatua.

"Wamesema siku?"

"Bado, Mama."

"Basi utarudi," anasema, na kunipisha niingie.