Maombi ya Nyambura Aliyekataa Kula

Jamani, aibu hii nimeibeba tangu miaka ya tisini, na hadi leo nikipita Wamagana natembea nimeinamisha kofia, kwa hivyo acheni niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa kutia chumvi.

Wakati huo nilikuwa nalisha wanyama kwenye bustani ndogo ya wageni karibu na Nyeri (kobe, sungura, na mbuni mmoja mwenye hasira), na siku moja tukaletewa moma kutoka huko chini Kutus kwenye joto, yule nyoka mnene mfupi ambaye ukimkaribia anafoka kama tairi linalotoka upepo. Alifika mvua ikinyesha, nami kwa ujinga wangu nikamwita Nyambura, jina la wasichana wa kwetu, yaani binti wa mvua. Nyambura akakataa kula. Nikampa panya, akampuuza. Nikampa chura, akageuza kichwa. Mama Nyawira, mwenye bustani, akaniambia, "Wewe Muriithi, huyo nyoka akikufa, na wewe unarudi kwenu Kangema kuchuna majani chai."

Nikaona baridi ya Julai ndiyo inamsumbua, nikambeba hadi chumbani kwangu Wamagana ndani ya sanduku refu lenye waya juu, nikalilaza kitandani, chupa za maji moto pembeni, blanketi juu (mimi nililala sakafuni, msicheke). Kila mara nilikuwa nafunua kuchungulia kama amekula, na wapi!

Jumapili kanisani, mzee wa kanisa akauliza ni nani ana haja ya maombi, nami nikainuka. Lakini utatajaje nyoka mbele ya watu wanaojua vizuri mambo ya Hawa na lile tunda? Nikasema tu, "Niko na mgonjwa kwangu. Amekataa kukura kabisa."

"Anaitwa nani?"

"Nyambura."

Kanisa zima likanigeukia. Mimi, kapera mkongwe, nina Nyambura kwangu, na Nyambura hali! Kina mama wakaangaliana wakitabasamu, wakaomba kwa bidii ambayo sijawahi kuiona, nami mjinga nikashukuru.

Jumamosi iliyofuata nikasikia nyimbo njiani. Walikuwa kina mama wa kanisa na birika la uji, karai la mukimo (viazi na mahindi ya kupondwa) na leso mpya, na mbele yao mama yangu mzazi kutoka Kangema (habari ilikuwa imemfikia), amevaa gauni lake la Pasaka, machozi ya furaha yakimtoka.

"Muriithi, ati hata mimi hungeniambia?"

"Mama, ngoja kwanza nikueleze..."

"Nyamaza. Hata mimi nikiwa na mimba yako sikuwa nakura. Ako wapi?"

"Amelala," nikasema. (Kwani ni uongo?)

Mama akaingia akinyata na kikombe cha uji, akaketi ukingoni mwa kitanda, akashika blanketi taratibu. "Nyambura, mtoto wangu, kunywa kidogo tu."

Nyambura akafoka. Uji ukapaa, mama akarudi kinyumenyume akaketi ndani ya karai la mukimo, mtu akapiga kelele "Shetani!", na wimbo ukakatikia katikati ya ubeti huku leso na viatu vikibaki mlangoni. Waya ulikuwa imara, hakuna aliyeumwa.

Nilimkuta mama kwenye nyasi, mukimo umemganda kwenye gauni. "Kwa hivyo hakuna msichana?"

"Hakuna, mama."

Akaanza kubandua mukimo kwenye gauni lake la Pasaka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilimtupia Nyambura panya, nikafunga mlango, nikamsindikiza mama hadi Kangema, nikalala huko kwa sababu sikuwa na uso wa kurudi. Niliporudi, panya hakuwepo na Nyambura alikuwa na tumbo. Kumbe alichotaka ni giza, joto na mimi kuacha kumchungulia!

Kazi ikabaki. Ila sijampa tena mnyama jina la mtu, na nikiomba kuombewa nasema yote, hata kama ni nyoka.

Miaka ilipita, nikampeleka Wangeci nyumbani, msichana wa kweli. Mama akatoka jikoni akipangusa mikono, na kabla ya kumkumbatia, akainama kwanza akaangalia kama ana miguu.