Betri za Redio ya Habaryar

Jamani, leo nimezima redio ya nyumba nzima kwa ujuaji wangu.

Nawaandikia barua pepe hii, wenzangu wa chuoni, nikiwa ofisini kwa rafiki. Nyumbani, mtaa wa Waberi upande huu wa mpaka, naona haya kurudi.

Baada ya adhuhuri wajomba waliniuliza chuoni nasomea nini. Basi nikachomoa betri za redio, nikaziunga kwa nyaya na misumari miwili, nikaitumbukiza misumari kwenye glasi ya maji ya chumvi.

"Hapo juu ya msumari," nikasema, "kuna nguvu ya umeme isiyofikiwa na mita yoyote. Sisi chuoni tunamulika kwa mwanga molekuli, vijipande visivyoonekana kwa macho, zilizojishika hapo. Mtetemo wake ukibadilika, tunajua nguvu hiyo ni kubwa kiasi gani."

Wakashangaa. Nami nikanogewa na maneno, nikaisahau misumari majini, imegusana.

Alasiri akaja habaryar, mdogo wake mama, na mkeka wake. Alikimbia vita Somalia, na mumewe hajulikani alipo. Kila siku husikiliza kipindi kinachosoma majina ya watu wanaotafuta jamaa zao.

Nikarudisha betri haraka. Redio ikakoroma kidogo, ikanyamaza.

Nikatoka mbio kutafuta nyingine. Niliporudi nazo, kipindi kimeshaisha, na wajomba wameshamsimulia habari za msumari.

Hakunigombeza. Afadhali angenitukana!

Aliniuliza polepole tu: "Abdi, kidudu kilichokaa kwenye msumari unajua kinavyotetemeka. Je, kama leo mume wangu ameniita, nani amemsikia?"

Nyinyi mngemjibu nini?

Mimi nilimkunjia mkeka, nikatoka.