Chupa ya Divai kwenye Chemli ya Bibi

Juzi nilipita mnadani Ushirombo, nikakuta mtu ametandaza chemli kuukuu juu ya gunia. Nyingine hazikuwa na vioo, nyingine matangi yalikuwa yameliwa na kutu. Nilisimama pale muda mrefu kuliko mnunuzi. Nakiri kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Kitu kibovu hata kisichonihusu huninyima raha. Lakini siku hiyo nilikuwa namkumbuka bibi.

Chemli yake ilitoka mnada huohuo, miaka ya sabini. Wakati huo akina mama wa kijiji chetu walikuwa wakihudhuria kisomo cha watu wazima jioni, kwenye darasa la shule ya msingi, kwa taa ya mwalimu. Taa ile ilipoharibika, mwalimu akasema wasipopata nyingine kisomo kitahamia mchana. Mchana bibi alikuwa kwenye pamba. Silabi alikwisha kuzijua, ila jina lake bado lilimshinda, na kwenye chama cha ushirika aliendelea kuweka dole gumba. Kisomo kikihama, yeye ndiyo basi tena.

Akanunua chemli isiyo na kioo, maana vioo madukani vilikuwa vimeadimika. Tangi lilivuja, akaziba tundu kwa sabuni ya mche aliyoikanda mpaka ikalainika. Kioo tulikitengeneza kwa chupa, mimi na yeye. Unazungushia uzi uliolowa mafuta ya taa, unauwasha, ukishaungua unaitumbukiza chupa kwenye maji baridi, nayo inakatika. Ya kwanza, chupa ya bia, ilipasuka vipandevipande. Jirani yetu, mnywaji mashuhuri, alikuwa ameegemea ua akitutazama.

"Mayu, mama yangu, utasoma au utalewa? Naona chupa tu!"

"Nitasoma jina lako kwanza," bibi akamjibu, "nijue kama waliokupa hawakuwa wamelewa."

Ya pili ilikuwa chupa ya kijani ya divai ya misa, aliyopewa na mpishi wa misheni. Hatukuwa na nyingine. Nilifunga uzi, nikaufungua, nikaufunga tena. Ikakatika juu, ikakatika na chini. Ukingo ulipinda kidogo, nikaanza kuusugua kwenye jiwe ili unyooke kabisa. Bibi akaninyang'anya.

"Ng'wana wane, mwanangu, acha. Tunataka mwanga, hatutaki urembo."

Akaichemsha taratibu kwenye sufuria ili izoee moto.

Jioni ile darasa zima likawa la kijani: nyuso, kuta, hata meno. Akina mama walicheka, wakasema leo wanasomeshwa na padri. Mwalimu, kijana wa umri wa kuzaliwa na bibi, akamnyooshea chaki.

"Mama, njoo ubaoni."

Bibi akaandika jina lake lote, herufi zikipanda kama zinakwea kilima. Wenzake wakalisoma kwa pamoja, kisha wakapiga vigelegele.

Siku hizi bibi hayupo, na darasa lile limekuwa ghala la pamba. Nimetafuta nyumbani mwandiko wake, walau kipande cha karatasi, sikupata. Asubuhi iliyofuata jioni ile ya kijani, sisi watoto wa darasa la kwanza tulipoingia, jina bado lilikuwa ubaoni. Mwalimu akachukua kitambaa, akalifuta, akatuandikia hesabu za kujumlisha.