Brauza Mpya na Taya la Mafuru

Harufu ya plastiki iliyopata moto hunirudisha mtaa wa Mukendo, kwenye chumba cha mapazia mazito ambamo kompyuta zilikuwaga zinafunikwa vitambaa vya kufuma, kama makochi ya mchungaji.

Nilikuwa darasa la sita. Mdogo wangu Mafuru alianza kuvimba taya. Mwanzoni tulimtania kwamba kaficha kiazi mdomoni, naye akicheka. Kisha meno yakalegea, akawa hacheki tena. Bibi, mama yake baba, akatoa hukumu: jirani yetu Nyangeta, mama asiye na mtoto, alikuwaga anampa Mafuru dagaa, basi ndiye kamloga. Baba, ambaye alikuwa nyumbani tangu kiwanda cha nguo kifungwe, alichukua kiti chake akaenda kukaa nje.

Daktari alitaja jina la ugonjwa kwa Kiingereza, akasema tumpeleke Mwanza. Bibi alikataa, mambo ya kulogwa hayatibiwi Mwanza. Ndipo Mama akanishika mkono tukaenda kwa Sospeter, kijana wa kanisani kwetu aliyekuwa amefungua huduma ya intaneti pale Mukendo.

"Mama, mmekuja wakati mzuri!" alisema Sospeter. "Nimeweka brauza mpya, imetoka juzijuzi tu. Ile ya zamani ilikuwaga inakwama. Hii unafungua kurasa nyingi ndani ya dirisha moja. Tazama!"

Akabofya, vichwa vya kurasa vikajipanga juu kama madaftari kwenye rafu. Niliposikia dirisha, nikategemea kuona watu wakipita.

Mama alilitamka lile jina kama alivyolisikia. Sospeter akajaribu kuliandika hivi na vile, mpaka mashine ikakubali. Picha ikaanza kushuka polepole: nywele, paji la uso, macho. Kisha taya.

Mama akasimama. "Mafuru wangu kapigwa picha na nani?"

"Siyo Mafuru, mama," Sospeter alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Ni mtoto wa nchi nyingine, mbali kabisa." Akatutafsiria: uvimbe huo hukua haraka sana, lakini ukiwahiwa unatibika kwa dawa.

"Huyu alipona?"

"Hawajaandika."

Sospeter alipotaka kutuonyesha ukurasa mwingine, Mama alimwomba asiiondoe picha ile. Akakaa akiitazama, mikono mapajani.

Alfajiri alimbeba Mafuru hadi stendi, Bibi akimfokea nyuma. Mafuru alifia Mwanza, dawa ndiyo kwanza zimeanza.

Msibani, vijana wa ukoo walianza kumzunguka Nyangeta. Mama aliinuka, akamshika mkono, akamketisha kwenye mkeka wake.

"Huyu hajamgusa mwanangu," alisema. "Nimemwona kwa macho yangu mtoto wa ng'ambo mwenye taya hilohilo. Na Nyangeta hajawahi kufika hata Kisorya, hapahapa mkoani kwetu."

Vijana wakarudi nyuma mmoja mmoja.

Kwa miaka mingi niliichukia ile brauza, iliyotuonyesha kwamba dawa ipo wakati sisi tumeshachelewa. Nilidhani Mama aling'ang'ania picha ile kwa sababu ya kumwonea uchungu Mafuru. Nimekua ndipo nikajua kwamba huku kwetu akina mama walikuwa wakiuawa kwa kudhaniwa wachawi, kwa maneno machache kuliko yale ya Bibi. Pale kwenye kiti cha Sospeter, Mama alikuwa ameshaona kwamba huenda mtoto hatapona. Alikuwa akitafuta namna ya kurudi nyumbani na kumwokoa jirani yake.